Sura ya Nne: Vipimo Kabla ya Rangi

Muuzaji alituona kabla hatujamaliza kuvuka barabara. Hakuuliza tunatafuta nini. Alipotelea nyuma ya safu ya baiskeli zilizoegemeana, akatoka akiisukuma moja ya rangi ya waridi, yenye kikapu cheupe mbele na vishada vya plastiki vikining'inia kwenye hendeli.

"Ya kike hii hapa, dada zangu. Imeshuka na kontena juzi tu."

Ilikuwa Jumamosi, Kariakoo, saa nne asubuhi. Mnunuzi hakuwa mimi, alikuwa wifi yangu. Anaishi Magomeni Mapipa na anafanya kazi Posta. Kwa miaka kadhaa alikuwa akienda kazini amesimama ndani ya basi la mwendokasi, pua kwenye bega la mtu asiyemjua, mpaka siku alipopiga hesabu akaona kwamba kutoka mlangoni kwake hadi mlango wa ofisi ni kama kilomita tano tu. Jumapili alikuwa na haja nyingine: apande Daraja la Tanzanite jioni, apigwe na upepo wa bahari, ashukie Coco Beach kula mihogo. Baiskeli moja, kazi mbili.

Akaipanda ile ya waridi palepale. Alipokanyaga pedeli, goti la kulia likagonga hendeli. Alipokata kona, la kushoto nalo likagonga. Muuzaji akapiga makofi. "Umependeza, anti!" Na kweli alipendeza, ila alikuwa amekunjamana kama mzazi aliyekalia kiti cha chekechea siku ya kikao.

Simlaumu yule kijana. Kila mwanamke anayefika pale humwomba "baiskeli ya kike", naye ameshazoea kutoa jibu kabla ya swali. Hebu fikiria ukienda kwa fundi cherehani ukamwambia, "Nishonee gauni la kike," kisha ukageuka kuondoka. Atakuita urudi. Atachukua futikamba shingoni mwake, atakuzungusha: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Hata kama kitambaa ni cha bei ya chini kabisa, vipimo havirukwi. Sasa baiskeli utaikalia kila siku, ikupitishe kati ya malori na bodaboda, halafu uichague kwa rangi?

Sura hii ni ya futikamba.

Chotara

Kabla ya kupima, tuijue baiskeli inayofaa safari za wifi: chotara. Wafugaji wataielewa haraka kuliko watu wengine. Kuku wa kienyeji anastahimili shida lakini mayai yake ni ya kuhesabu. Wa kisasa anataga sana lakini akipigwa na baridi kidogo anakufa. Ndipo likaja wazo la chotara. Baiskeli inayoitwa haibridi ilizaliwa hivyohivyo, katika miaka ya 1980, baada ya baiskeli za milimani kuenea Marekani na Ulaya na wanunuzi wengi kugundua kwamba mlima wenyewe hawauoni. Walikuwa wakiziendesha mjini, matairi mapana yenye meno yakiunguruma kwenye lami na kuwamaliza nguvu bure.

Mzazi mmoja ni baiskeli ya mbio: magurudumu makubwa, matairi membamba, fremu nyepesi, na hendeli iliyopinda chini kama pembe za kondoo. Mzazi wa pili ni ya milimani: hendeli iliyonyooka, breki kali, gia za kupandia. Chotara amechukua magurudumu ya huyu na hendeli ya yule, akakaa katikati. Unaketi mgongo ukiwa umeinama kidogo tu, unaona mbele na pembeni, na uzito wa baiskeli nzima kwa kawaida ni kati ya kilo 11 na 14. Phoenix ya Kichina, ile nyeusi ya babu zetu, huvuka kilo 20.

Kama alivyo kuku chotara, hii nayo si bingwa wa lolote. Usiibebeshe gunia la mkaa, na usiiteremshe Milima ya Uluguru. Lakini kwa lami, vumbi la mtaani, tofali za pembezoni mwa barabara na mchanga kidogo ufukweni, ndiyo inayosamehe zaidi.

Kariakoo utaonyeshwa pia baiskeli za Kijapani zilizotumika, zile zenye kikapu mbele na keria nyuma, ambazo Japani kwenyewe huitwa *mamachari*. Ni mali nzuri kwa kwenda sokoni na kurudi. Zinavumilia, cheni imefunikwa, taa inawashwa na dainamo. Ila ni nzito, na nyingi zimetengenezwa kwa safari ya kufika stesheni ya treni tu. Kwa kilomita tano asubuhi na tano jioni, siku tano za juma, utaanza kuuona uzito wake Jumatano.

Bomba lililoinamishwa

Neno "ya kike" lilitoka wapi? Mwaka 1885, mjini Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli aliyoiita Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, cheni ikizungusha la nyuma. Miaka mitatu baadaye, huko Belfast, John Boyd Dunlop alipata hati ya uvumbuzi wa tairi la upepo. Hapo baiskeli ikawa chombo cha kila mtu, isipokuwa kwamba wanawake wa Ulaya na Marekani wa wakati ule walivaa sketi za kufagia sakafu, na bomba la juu la fremu liliwazuia. Watengenezaji wakaliinamisha bomba. Wakafunika cheni, wakatanda nyuzi juu ya gurudumu la nyuma ili kitambaa kisinaswe. Basi. Baiskeli "ya kike" ilikuwa baiskeli ya sketi. Mwili wa mwanamke mwenyewe hakuna aliyeupima.

Mmoja aliyeligundua hilo kwa jasho lake ni Annie Cohen Kopchovsky, mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Latvia aliyekulia Boston. Mwezi Juni 1894 aliondoka Boston akitangaza kwamba anaizunguka dunia kwa baiskeli. Kampuni ya maji ya chemchemi iitwayo Londonderry ilimlipa dola 100 abebe tangazo lake na atumie jina lake, ndiyo maana historia inamjua kama Annie Londonderry. Alianza na Columbia ya kike, yenye uzito wa ratili 42, sawa na kilo 19, akiwa ndani ya sketi ndefu. Alipofika Chicago alikuwa amekonda na msimu wa baridi unakaribia. Akaiacha pale. Akachukua Sterling, baiskeli ya kiume ya ratili 21, nusu kamili ya ile ya kwanza, akavua sketi akavaa suruali pana za mapajani. Septemba 1895 alirejea Chicago, safari imekwisha. Watu wamebishana sana ni maili ngapi alizikanyaga na ngapi alizipanda meli na treni, lakini juu ya lile la Chicago hakuna wa kubishana naye: aliibadili baiskeli kwa sababu ya uzito na umbo, na lebo ya "kiume" haikumuuma.

Karibu karne nzima ikapita. Mwaka 1985, katika jimbo la New York, mhandisi Georgena Terry alianza kuuza baiskeli alizozichora kwa ajili ya wanawake wafupi: gurudumu la mbele dogo kuliko la nyuma, fremu fupi, ili mwanamke wa kimo kidogo asilazimike kujinyoosha kama anayeanika nguo kamba ya juu. Kampuni kubwa zikaiga wazo, nyingine kwa dhati, nyingine kwa kubadili rangi tu. Leo zimegawanyika. Liv, chapa ya Giant ya Taiwan iliyoasisiwa na Bonnie Tu, inaendelea kuchora fremu za wanawake peke yao. Specialized ya Marekani ilikusanya vipimo vya waendeshaji wengi, ikahitimisha kwamba tofauti kati ya mwanamke na mwanamke ni kubwa kuliko tofauti ya wastani kati ya wanawake na wanaume, ikaachana na fremu za kike.

Kwetu, bomba lililoinamishwa bado lina kazi yake. Gauni, baibui, kitenge cha kufunga: vyote vinapita juu yake bila vita. Ukiwa umebeba mzigo kwenye keria, huwezi kurusha mguu kwa nyuma. Unaupitisha mbele, umeshuka. Lakini ujue unachokilipia. Fremu iliyo wazi katikati inahitaji mabomba mazito zaidi ili isiyumbe. Na kama unakaa ghorofa ya tatu isiyo na lifti, jaribu kuibeba kwanza: fremu yenye bomba la juu unaiingiza begani ukapanda ngazi, hii haina pa kushikwa.

Karatasi ya fundi

Nilimwomba muuzaji kiti cha plastiki, kipande cha boksi na futikamba. Futikamba alikwenda kuazima duka la vitambaa la jirani. Wifi akatoa kwenye pochi karatasi aliyoandikiwa vipimo na fundi wake wa nguo, tukageuza upande wa pili.

Kipimo cha kwanza ni *mguu*. Vua viatu, simama mgongo ukutani, bana kitabu chenye jalada gumu kati ya mapaja, kipandishe mpaka kigote. Kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu ndiyo urefu wa mguu wako. Wa wifi ulikuwa sentimita 76. Zidisha kwa 0.883, hesabu iliyopata umaarufu kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu. Kwake inakuja 67. Huo ndio umbali kutoka katikati ya ekseli ya kati, ile inayoshika mikono ya pedeli, hadi juu ya kiti. Kwa mjini punguza sentimita moja au mbili, maana utasimama kila taa nyekundu. Ukikosa kikokotoo, kalia kiti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Mafundi wengi wa mitaani hushusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini zikiwa bapa. Wanakutakia mema, usianguke. Lakini ukiendesha hivyo miezi mitatu, magoti yatakudai.

Kipimo cha pili ni *kiti*, na hapa ndipo wanawake wengi wanapoiachia baiskeli ukutani ikashika vumbi. Hukalii makalio, unakalia mifupa miwili iliyo chini yake, na umbali kati yake huwezi kuukisia kwa macho. Mwenye nyonga pana anaweza kuwa na mifupa iliyokaribiana, na mwembamba akawa na iliyoachana. Weka kipande cha boksi, lile lenye mawimbi ndani, juu ya kiti kigumu. Likalie, inama mbele kidogo, nyanyua visigino, hesabu hadi thelathini. Ukiinuka utaona mabonde mawili. Ya wifi hayakuonekana vizuri kwa macho, ila kidole kiliyapata: katikati ya bonde moja hadi katikati ya jingine, sentimita 12 na nusu. Ongeza mbili au tatu kwa ukaaji wa wima kiasi. Anahitaji kiti chenye upana wa kama sentimita 15.

Usidanganywe na ulaini. Kiti kinachobonyea kama mto ni kitamu dukani na ni adhabu barabarani, kwa sababu mifupa inazama pembeni na sponji ya katikati inapanda juu, inabana sehemu laini zisizotakiwa kubanwa. Kiti kigumu kiasi, chenye upana wako, na mfereji katikati, ndicho cha kutafuta. Bahati nzuri kiti hubadilishwa kwa spana moja. Usiikatae baiskeli nzuri kwa sababu ya kiti kibaya, wala usiinunue mbaya kwa sababu ya kiti kizuri.

Kipimo cha tatu ni *mkono*. Weka kiwiko kwenye pua ya kiti, nyoosha vidole kuelekea hendeli. Vikiishia karibu nayo, ukabaki mwanya wa vidole vitatu au vinne, umekaribia. Si sheria, ni njia ya mafundi ya kukata maneno. Hakikisho ni kuendesha: viwiko viwe vimelegea, mabega yasipande masikioni, magoti yasiguse chochote. Ile ya waridi ilifeli hapa. Tazama pia upana. Hendeli za chotara nyingi hupita sentimita 60, na mwenye mabega madogo huona kama anasukuma toroli. Fundi anaweza kukata kidogo kila upande kwa msumeno wa chuma, akarudisha mipira ya kushikia.

Cha nne ni *kiganja*. Mikono ya breki mingi imewekwa mbali, kwa vidole virefu. Karibu na egemeo lake huwa kuna skrubu ndogo. Ukiikaza, mkono wa breki unasogea karibu. Unapaswa kuufikia na kuuvuta kwa vidole viwili bila kuachia hendeli. Jambo hili dogo huamua kama utasimama kabla ya bajaji au ndani yake.

Inchi 26 ni mbili

Hapa nina ushahidi wa maumivu yangu mwenyewe. Masika moja tairi la nyuma lilinipasukia. Nikaenda dukani nikasema, "Naomba tairi la inchi 26," nikapewa, nikalipa, nikarudi nalo begani. Fundi wa mtaani kwetu, mzee ambaye huziba pancha chini ya mwarobaini, alinisikiliza nikimwamkia, akaitikia marahaba, akalitazama tairi akacheka. "Mwanangu, hili ni ishirini na sita nyingine." Alilivuta, akalikandamiza kwa magoti, nikamsaidia kwa chuma. Halikuingia. Lingeingiaje? Ringi yangu, ya Kijapani, ilikuwa kubwa kuliko tairi kwa milimita 31.

Siri imeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma. Tafuta tarakimu mbili zenye kistari kati yake, mfano 37-622. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali linapokalia kwenye ringi. Ya pili ndiyo isiyojadiliwa. Baiskeli ya Kijapani ya 26 × 1⅜ ni 590. Ya milimani ya 26 × 1.95 ni 559. Zote huitwa "ishirini na sita", na kamwe hazitaazimana tairi. Kanuni ya yule mzee: yenye sehemu na yenye nukta si ndugu.

Ishirini na nane nazo ni mbili. Ya Phoenix, 28 × 1½, ni 635. Ya chotara, inayoandikwa 700C, ni 622, na wauzaji wengi wataiita ishirini na nane pia. Kwa hiyo andika 622 kwenye ile karatasi yako kabla ya kutoka nyumbani. Jambo la kufariji ni kwamba baiskeli za milimani za kisasa za "inchi 29" nazo ni 622, hivyo ukikwama, tairi jembamba la 29 litakaa kwenye ringi yako, ili mradi lipite kati ya mabomba ya fremu.

Unene je? Kwa barabara zetu ningekwenda milimita 38 hadi 42. Chini ya 32, mchanga wa pembezoni utakumeza na kila shimo utalihesabu kwa uti wa mgongo. Kwa mwanamke wa kilo 60 hivi, tairi la 38 linatosha kujazwa psi 45 hadi 55. Fundi atataka kulijaza liwe gumu kama jiwe, mwambie hapana. Tairi hilo lenye upepo wa kiasi ndilo shokapu lako. Zile shokapu za mbele zinazouzwa kwenye baiskeli za bei nafuu zinaongeza uzito, zinashika kutu na chumvi ya pwani, na baada ya mwaka hazibonyei tena.

Kutoka Jangwani hadi Fire

Dar es Salaam ni tambarare, watu husema, lakini hao hawajakanyaga pedeli. Njia ya wifi inashuka kutoka Magomeni hadi bonde la Jangwani, halafu inapanda kuelekea Fire. Si mlima, ila saa moja na nusu asubuhi, ukiwa na gauni la ofisi na upepo wa mbele, ni mlima.

Hesabu ya gia ni nyepesi kuliko inavyotangazwa. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya friwili. Mbele 42, nyuma 14, jibu 3: pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara tatu, na kwa tairi la 38-622 umekwenda kama mita 6 na nusu. Hiyo ni ya kuteremkia. Mbele 28, nyuma 28, jibu 1: mzunguko mmoja, mita 2 na kidogo, na goti halilalamiki. Kwa hiyo usihesabu gia, hesabu ncha mbili: ya chini kabisa iwe karibu na 1, ya juu isizidi sana 3. Baiskeli yenye "gia 21" huwa ina nyingi zinazojirudia. Duara moja la meno mbele na saba au nane nyuma linatosha mji huu, na vya kuharibika vinapungua.

Kuna gia za ndani ya habu pia. Sturmey-Archer wa Nottingham walianza kuziuza mwanzoni mwa karne iliyopita, na Wajapani wanazo nyingi, tatu tatu. Haziguswi na matope, na unabadili hata ukiwa umesimama kwenye taa. Uliza tu kwanza kama fundi wako anaweza kuzifungua.

Breki za waya zinazobana ringi zinatosha, na vipuri vipo kila kona. Za diski hushinda wakati wa mvua na ringi haziliki, lakini kama ni za mafuta, hakikisha kuna mtu wa kuzijaza mtaani kwako. Jambo moja la hatari kwenye mtumba: baiskeli za Japani na Uingereza, mkono wa kulia ni breki ya mbele, nyingi za Ujerumani na Marekani, mkono wa kushoto ndio wa mbele. Aliyezoea moja akapanda nyingine, siku ya dharura atabana asichokusudia, apae juu ya hendeli. Vuta kila mkono uone gurudumu lipi linashikwa, kabla hujaingia barabarani.

Gauni, mvua na jua

Chotara nyingi huja uchi, bila madigadi, bila keria, bila kava ya cheni, kwa sababu waliozichora walifikiria wapanda baiskeli wenye kaptura. Kabla hujalipa, tazama kama fremu ina matundu ya skrubu karibu na ekseli ya nyuma na chini ya kiti. Yasipokuwepo, keria na madigadi vitafungwa kwa waya na dua.

Kava ya cheni si pambo. Inakukinga na grisi, na muhimu zaidi inaizuia nguo isimezwe. Mwenye baibui au gauni pana anahitaji pia wavu au kitambaa kigumu pembeni mwa gurudumu la nyuma. Wazo la zile nyuzi za baiskeli ya sketi bado halijazeeka. Wifi alipata ufumbuzi wa nyumbani: ukanda wa lastiki anaobana pindo la gauni, anauvua akifika. Mkoba haubebwi mgongoni, unafungwa kwenye keria, na mgongo unafika ofisini mkavu. Taa nyekundu ya nyuma hata mchana wa mvua, kengele inayosikika, na kufuli ambayo fremu pamoja na gurudumu vinaingia.

Kununua

Mtumba haukaguliwi kwa macho pekee. Nyanyua mbele ya baiskeli, zungusha gurudumu ukitazama nafasi kati ya ringi na breki: likiyumba, spoku zimelegea, hilo linanyooshwa, likikwaruza kwa ndani kama lina mchanga, gololi zimekwisha. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mlio wa kugongana shingoni mwa hendeli, kuna kulegea. Shika mkono wa pedeli, uvute kwako na kuusukuma kando: ukicheza, hapo napo kuna kulegea. Pitisha kidole chini ya viungo vya mabomba, hasa nyuma ya shingo: rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba au iliyojikunja ni dalili ya ajali. Hiyo usiipende hata ikiwa ya bure. Kutu ya juujuu kwenye boliti ni ya kawaida kwetu wa pwani. Kutu inayotoka ndani ya bomba la kiti ni habari nyingine.

Kisha endesha, na usiishie mbele ya duka. Omba dakika kumi, mwachie muuzaji kitambulisho au mwenzako, tafuta mtaa wenye kona, kituta na mwinuko kidogo. Na katika bajeti tenga fungu la fundi: cheni mpya, waya za breki na kiti chako huweza kuhitajika siku hiyohiyo.

Tulizijaribu sita. Wifi aliishia na ya kijivu, bomba limeinama nusu tu, 622 ubavuni mwa tairi, mbele duara moja na nyuma saba. Ubavuni mwake palikuwa pamebandikwa jina la kiume na muuzaji akaona aibu kutuuzia. "Hii ni ya kaka, anti." Wifi akasoma karatasi yake, akaweka kiwiko kwenye pua ya kiti, akanyoosha vidole. "Kaka huyo," akasema, "tunalingana mikono." Kiti chake tukakibadilisha palepale, kwa kile kipana cha ile ya waridi, tukaongeza kidogo.

Mwezi wa pili nilimkuta ofisini kwake, wenzake watatu wamezunguka meza. Walikuwa wanataka awasindikize Kariakoo. Mmoja alikuwa ameshachagua tayari, akamwonyesha picha kwenye simu: nyekundu, inang'aa, inauzwa na mtu wa Sinza. Wifi aliitazama kwa adabu, akamrudishia simu, akamuuliza:

"Fundi wako wa nguo alikupa karatasi? Njoo nayo. Upande wa nyuma uwe mweupe."